Mbolea ya ruzuku: namna ya kuipata, na namna ya kujua nani anaipata kijijini kwako

Ikifika mwezi wa kumi na moja, mvua zinanukia huku Nyanda za Juu Kusini, ndo watu wanaanza kuulizana mbolea ya ruzuku imefika wapi, afu mwezi wa kumi na mbili yanaanza malalamiko, fulani kapata mifuko kumi mimi hata mmoja, mtendaji kaweka ndugu zake, wakala kila siku anasema mtandao hakuna. Malalamiko mengine ni ya kweli kabisa na huko chini nimeeleza cha kufanya. Ila mengi ukiyafuatilia unakuta mtu alishaikosa mbolea tangu mwezi wa nane, tatizo hajui tu, maana jina lake lipo kwenye daftari la kijiji lakini kwenye mfumo wa kidijitali wa usajili halipo, au lipo na namba ya simu aliyoipoteza mwaka juzi, au kaandikiwa heka moja wakati analima nne. Ruzuku ya sasa haiangalii nani ana shida zaidi. Inampata yule ambaye taarifa zake zimekaa sawa na ana hela mkononi siku mzigo unashuka, basi. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kiangazi, ofisini kwa mtendaji, na ukisubiri foleni ya mwezi wa kumi na mbili umeshachelewa.

Naongelea Tanzania zaidi, wa Kenya nimewawekea sehemu yao mwishoni.

Kabla ya hatua, elewa hela inapita wapi

Hii ruzuku tunayoijua leo ilianza msimu wa 2022/23. Mbolea ilikuwa imepanda vibaya sana duniani, corona haijaisha vizuri vita ya Urusi na Ukraine nayo ikaingia, mfuko wa DAP, ile mbolea ya kupandia, ukavuka laki na ishirini na sehemu nyingine zaidi ya hapo. Serikali ikatenga shilingi bilioni 150 na Rais Samia akaizindua tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, pale Mbeya. Bei zilizotangazwa siku ile kwa mfuko wa kilo 50 (Urea, CAN na SA ni za kukuzia): DAP kutoka 131,676 hadi 70,000, Urea kutoka 124,714 hadi 70,000, CAN kutoka 108,156 hadi 60,000, SA kutoka 82,852 hadi 50,000. Bei hizo sio za milele, kila msimu TFRA (Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea) wanatoa bei elekezi mpya na zinatofautiana wilaya na wilaya kwa sababu ya usafiri, kwa hiyo usije ukagombana na wakala kwa bei ya 2022.

Sasa sikiliza hapa. Ile tofauti, mfano hiyo 61,676 kwenye DAP, wewe huishiki. Inalipwa kwa kampuni iliyoleta mbolea, baada ya mfumo kuonyesha kwamba mfuko fulani umeuzwa kwa mkulima fulani aliyesajiliwa. Ndo maana kuna usajili, ndo maana mifuko ina ile alama ya QR ambayo wakala anaipiga kwa simu, na ndo maana wakala hawezi kukuuzia kwa bei ya ruzuku kama haupo kwenye mfumo hata kama mnajuana tangu utoto. Namba yako ya mkulima, ile unayopewa ukisajiliwa, ni hela ya mtu. Hili ukilielewa vizuri utaelewa pia kwa nini kuna watu wanazitafuta sana namba za wakulima wasionunua.

Kingine, ruzuku inahesabiwa kwa mfuko. Tufanye hesabu ya heka moja ya mahindi kwa bei zile za 2022, mfuko mmoja wa kupandia (DAP) na mmoja wa kukuzia (Urea). Serikali imekuchangia 61,676 jumlisha 54,714, jumla 116,390. Mwenye heka kumi akinunua zote amechangiwa 1,163,900. Bibi mwenye nusu heka, 58,195, na hiyo ni kama atapata mtu wa kugawana naye mfuko. Wanaosema ruzuku ni ya maskini waipige hii hesabu kwanza. Mimi sisemi ni mbaya, matumizi ya mbolea nchini yalikuwa kama tani 360,000 msimu wa 2021/22 na kufikia 2023/24 yamevuka tani 800,000, sio mchezo, ila anayelima eneo kubwa anachota zaidi na ndivyo mfumo ulivyotengenezwa, hakuna aliyeiba hapo.

Wazee wanakumbuka vocha. Kati ya 2008 na 2014 kulikuwa na mpango wa vocha za pembejeo, Benki ya Dunia nayo ilitia hela, kila mkulima aliyechaguliwa anapata vocha za heka moja tu, mbegu na mbolea, analipia nusu. Ule ndo ulilenga watu hasa, mkulima asiwe na zaidi ya hekta moja na kaya zinazoongozwa na akinamama zipewe kipaumbele. Waliochagua ni kamati ya vocha ya kijiji, wanaume watatu wanawake watatu. Kwenye makaratasi safi kabisa. Uchunguzi uliofanywa Kilimanjaro ukakuta kama asilimia 60 ya vocha zimeenda kwa viongozi wa kijiji, na hali ilikuwa mbaya zaidi vijiji vya mbali na vile ambavyo tofauti ya mwenye nacho na asiye nacho ni kubwa. Halafu kukawa na wale waliopata vocha lakini hawana ile nusu ya kuongezea, wakala anawapa elfu chache wanasaini wanaondoka, kwenye karatasi wanaonekana wamepata mbolea. Mfumo wa sasa wa simu umepunguza huo uchaguzi wa kamati, mtu yeyote anayelima anaruhusiwa kujiandikisha, ila ile ya kukosa nusu ya kuongezea bado ipo palepale. Nitairudia kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 1: hakikisha upo kwenye MFUMO, sio kwenye daftari

Nenda ofisi ya kijiji, au ya mtaa kama unaishi mjini na unalima. Nenda mwezi wa sita au wa saba, mwaka wa serikali unaanza Julai na msimu wa mbolea unahesabiwa hivyohivyo. Beba namba ya NIDA (kadi sio lazima, namba zile tarakimu 20 zinatosha ukiwa nazo umeziandika vizuri), beba simu yenye laini yako iliyosajiliwa kwa jina lako, na ujue kitongoji chako, ukubwa wa shamba na mazao unayolima.

Hapo ndo wengi wanakosea, wanaandikwa kwenye daftari wanarudi nyumbani. Daftari ni karatasi. Mtendaji au bwana shamba lazima azipeleke zile taarifa kwenye mfumo wa kidijitali na hapo katikati vitu vingi vinatokea, bando limeisha, jina limekosewa herufi, namba ya simu imeruka tarakimu moja, daftari limelowa. Ukisajiliwa kweli unapata namba ya mkulima kwenye meseji. Hujapata meseji? Chukulia hujasajiliwa. Rudi, muombe kwa upole akutafute kwenye mfumo mbele yako, akikwambia wewe nenda tu jina lako lipo mwambie mtendaji naomba niione namba nikaiandike. Ukiipata iandike kwenye karatasi, nyuma ya kalenda, popote, simu zinaibiwa.

Kama ulishasajiliwa miaka ya nyuma bado unatakiwa kuhuisha taarifa. Neno hilo kuhuisha utalisikia sana, maana yake ni kuzipitia upya na kurekebisha kilichobadilika. Mambo ya kuangalia ni haya:

Namba ya simu. Kama laini uliyoandikia ilikufa au ulimpa mtoto akaenda nayo Dar, meseji zako zinasomwa na mtu mwingine. Wengine waliandikiwa namba ya mtendaji mwenyewe au ya jirani kwa sababu hawakuwa na simu, sawa kama ni mtu mwaminifu, lakini ukipata simu yako hata ya kitochi badilisha mara moja.

Jina. Lifanane na la NIDA. Mtaani wanakuita Mama Neema, kwa wakala haupo kwa hilo jina.

Aliyefariki. Baba kafa, shamba mnalima ninyi, namba bado ya baba. Hapo msijaribu kununua kwa namba ya marehemu, mtaonekana wezi wakati shamba ni lenu. Mmoja wenu aende na taarifa ya msiba inayojulikana kijijini, usajili wa mzee ufungwe na shamba liandikwe kwa jina la huyo mmoja wenu.

Na akinamama. Kaya nyingi mzee ndo kaandikisha heka zote, mke analima heka zake mbili za mahindi na moja ya maharage na hana namba. Siku mzee akisafiri au wakikosana mama hana mbolea. Kama kuna shamba ambalo ni la mama kweli liandikwe kwa jina la mama na lipungue kwa mzee. Lisiandikwe mara mbili, shamba moja majina mawili ni udanganyifu.

Hatua ya 2: sema heka zako kama zilivyo

Mgao unaoruhusiwa kununua unategemea ukubwa wa shamba na zao uliloandikisha. Wapo wanaopunguza heka kwa kuogopa, wanadhani serikali inataka kuwatoza kodi ya ardhi au wazee wanasema usitaje mali yako. Matokeo yake unalima nne umeandikiwa mbili, mifuko ya heka mbili nyingine unainunua kwa bei ya kulanguliwa. Na wapo wanaoongeza, analima moja kaandikisha saba, hizo sita anauza namba kwa mlanguzi. Huyu ndo anayeharibu, maana anaonekana kwenye takwimu mkulima kapata wakati mbolea imepakiwa usiku inavuka wilaya.

Kama hujui ukubwa kamili mwombe bwana shamba apime kwa simu, siku hizi kuna programu za bure anazunguka tu mpaka wa shamba inampa jibu. Au pima kwa hatua, heka moja ni kama mita 70 kwa 58, sio sawasawa kabisa lakini inakaribia.

Shamba la kukodi: na wewe ni mkulima, andikisha. Uwe na karatasi ya makubaliano hata ya mkono yenye sahihi ya mwenye shamba na ya mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji. Tatizo linalotokea ni mwenye shamba naye ameliandikisha lilelile, hapo inabidi mkae chini mwafikiane kabla ya msimu, anayelima ndo anayehitaji mbolea.

Hatua ya 3: hela, na hapa ndo wengi wanaachwa

Hata ikiwa nusu bei bado ni hela nyingi. Kwa bei zile za 2022 heka mbili za mahindi ni mifuko minne, 280,000, hapo hujaweka nauli ya kwenda mjini wala bodaboda ya kurudi na mzigo. Na inatakiwa mwezi wa kumi na moja na mbili, wakati mahindi ya mavuno yaliyopita yameshauzwa, sikukuu inakuja, mwezi wa kwanza ada zinafungua mdomo. Mwenye mshahara, mwenye duka, mwalimu anayelima pembeni, hao ndo wanaonunua siku ya kwanza. Sio kwamba wamependelewa, wana hela siku mbolea ipo. Mkulima anayetegemea shamba tu anafika wiki tatu baadaye anaambiwa DAP imeisha imebaki SA.

Kinachofanya kazi ni kutenga wakati wa mavuno. Julai ukivuna, kabla hujauza gunia lolote kwa shughuli nyingine, pigia hesabu mifuko yako na hayo magunia yatenge kabisa, yasiguswe kwa harusi wala kwa msiba wa mbali. Mahindi yenyewe yakikaa mpaka mwezi wa kumi kwa kawaida bei inakuwa imepanda kuliko ya mavunoni, kwa hiyo magunia machache yanatosha mbolea (weka dawa ya kuhifadhi au mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi hana huruma). Wenye vikundi vya kuweka na kukopa wafanye mzunguko mmoja uvunjwe mwezi wa kumi badala ya Desemba, ni kubadilisha tarehe tu lakini inaokoa msimu. Wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) ulizeni mapema kama chama kitaagiza mbolea kwa pamoja maana vyama vingi sasa vinauza wenyewe na unapunguza nauli.

Mwenye shamba dogo: ulizia mifuko ya kilo 25, 10 au 5, ipo kampuni zinazofungasha hivyo. Mkikosa, nunueni wawili mfuko mmoja kwa namba ya mmoja wenu mkagawane nyumbani. Usinunue ya kupimiwa kwa kopo kutoka mfuko uliofunguliwa dukani. Humo ndo chumvi na mchanga vinapochanganywa.

Usikopeshwe mbolea kwa masharti ya kulipa gunia kwa mfuko, mtu anakuletea mfuko wa 70,000 mnakubaliana magunia mawili mavuno yakifika. Piga hesabu kwa bei ya gunia utakuta ruzuku yote ameila yeye.

Hatua ya 4: siku ya kununua

Kabla hujatoka nyumbani piga simu. Uliza ipo mbolea gani, mifuko mingapi imebaki, mtandao unafanya kazi? Namba za mawakala walioidhinishwa muombe bwana shamba, anayo orodha, usiende kwa yeyote aliyepanga mifuko barazani.

Ukifika toa namba ya mkulima na kitambulisho. Wakala anaingiza namba kwenye simu yake, mfumo unaonyesha jina lako na mgao wako uliobaki. Omba kuona. Ni haki yako kuona kabla hajabonyeza. Kama mgao umepungua na hujanunua kitu, usilipe, usiondoke, piga picha ile skrini kama atakubali na kama hatakubali andika tarehe, saa na jina la duka.

Kisha anapiga QR ya kila mfuko mbele yako. Kila mfuko. Kama unanunua mitatu ikapigwa mitano kuna mtu anakula miwili kwa jina lako. Unalipa bei elekezi ya wilaya yako ambayo inatakiwa iwe imebandikwa dukani, unapewa risiti. Maneno utakayosikia: "ongeza elfu tano ya kupakia", "hii ya ruzuku inauzwa pamoja na busta (dawa ya maji ya kukuzia), lazima uchukue chupa moja", "lipa kesho uje kuchukua". La kwanza uliza limeandikwa wapi. La pili kataa, hakuna mbolea ya ruzuku inayouzwa kwa kulazimishwa kununua dawa. La tatu usikubali kabisa, namba yako ikishatumika mzigo uwe mkononi.

Mtandao ukigoma, na utagoma, wakala wengine wanasema niachie namba yako na hela nitaingiza usiku ukija kesho. Mimi nisingeacha. Lala kwa ndugu, kesho asubuhi mtandao huwa mwepesi.

Mfuko wenyewe uangalie. Mshono usiwe umefumuliwa ukashonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine, uwe na maandishi ya Kiswahili yanayosomeka, aina ya mbolea na uzito. Kama kuna mzani upime, kilo 50 ni kilo 50. Urea ya kweli ukiweka kijiko kwenye glasi ya maji ya kawaida ukakoroga inayeyuka yote na maji yanakuwa ya baridi ukishika glasi, ikibaki mchanga chini au maji yasipopoa ujue umepigwa. DAP haiyeyuki haraka hivyo kwa hiyo usiipime kwa njia hiyo ukaishia kumtukana mtu wa watu.

Hatua ya 5: kujua nani kapata

Hii watu wanaiacha, wanabaki kunong'ona kilabuni. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu na kila mtu mzima wa kijiji ni mjumbe. Weka ajenda: orodha ya waliosajiliwa isomwe, jina na heka. Isomwe hadharani. Kijijini watu wanajuana mashamba, ikisomwa fulani heka ishirini wakati kila mtu anajua ana bustani ya mchicha, kelele zitakazopigwa pale zinatosha. Fanyeni hivi mwezi wa nane, kabla mbolea haijaja, bado kuna muda wa kurekebisha. Ikisomwa mwezi wa pili ni umbea tu, mahindi yameshakuwa.

Msimu ukiisha ombeni tena, safari hii waliosajiliwa dhidi ya walionunua. Bwana shamba anaweza kulifuatilia wilayani. Angalieni vitu vitatu: waliosajiliwa wakashindwa kununua ni akina nani (mara nyingi utakuta wajane na wazee, tatizo ni hela), walionunua wote mgao kamili wakati hawalimi, na wale ambao mfumo unasema walinunua, ila wao wenyewe wanaapa hawakununua. Kundi la tatu ndo la kupeleka mbele.

Ukipeleka, peleka kwa maandishi. Mtendaji kwanza, kama yeye ndo mlalamikiwa mruke nenda afisa kilimo wa kata, kisha ofisi ya kilimo ya wilaya, na ofisi ya kanda ya TFRA. Kama kuna rushwa TAKUKURU wanapigiwa bure 113. Andika: jina la duka au wakala, tarehe, namba yako ya mkulima, mifuko mingapi, bei uliyotozwa, ambatanisha risiti. Barua ya "tunanyanyaswa sana na mawakala" inasomwa inawekwa kabatini, barua yenye tarehe na namba inamlazimisha mtu afungue mfumo aangalie, na mfumo unaweka kumbukumbu ya kila mfuko ulivyouzwa.

Na mtendaji usimfanye adui toka mwanzo jamani. Wengine wanasajili watu elfu na zaidi kwa simu yao na bando lao, makosa mengi ni uchovu.

Vingine vyenye ruzuku ambavyo watu wanasahau

Kuanzia msimu wa 2024/25 mbegu za mahindi nazo zimeingizwa kwenye ruzuku, kwa usajili uleule, kwa hiyo ukihuisha kwa ajili ya mbolea umejiandaa na mbegu. Wa korosho, Mtwara, Lindi, Tunduru na Pwani, salfa na viuatilifu mnagawiwa bila kulipia kupitia vyama vyenu na kinachohesabika kwenu ni mikorosho, kwa hiyo badala ya heka hakikisha idadi ya miti yako imeandikwa sawa, na ile iliyokufa au mikongwe isiyozaa usiihesabu maana wanaweza kuja kuhakiki shambani.

Kwa ndugu zetu wa Kenya

Huko mambo yanafanana ila majina tofauti. Usajili unafanyika kwa chifu na wasaidizi wake kwa kitambulisho cha taifa, simu na ekari, taarifa zinaingia kwenye mfumo unaoitwa KIAMIS, afu vocha inakuja kwa meseji ukiwa umeandikishwa vizuri. Unaweza kuangalia taarifa zako kwa *707#. Unalipia na kuchukua kwenye depo ya NCPB (bodi ya serikali ya nafaka na mazao) au kwa chama cha ushirika kilichopewa mzigo. Bei ilishushwa kutoka kama 6,500 hadi 3,500 mwezi Septemba 2022, na 2023 ikafika 2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Kinachowaumiza wa huko ni umbali, depo iko mji mwingine na matatu ya kurudi na mifuko miwili inakula faida, kwa hiyo kodini pikapu mkiwa watu kadhaa na vocha zenu zote zikiwa zimeshaingia, asije mtu mmoja akawachelewesha wote langoni.

Halafu mfuko ukaguliwe hata kama umetoka depo ya serikali. Machi na Aprili 2024 ilibainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa wakulima kupitia NCPB kama mbolea ya bei nafuu haikuwa na kitu cha maana ndani, waziri wa kilimo akapelekwa bungeni kwa hoja ya kumuondoa na kamati ikamsafisha, na serikali ikaahidi kuwafidia waliouziwa. Kufidiwa kulihitaji uonyeshe ulinunua. Kwa hiyo meseji ya vocha usiifute, risiti usiitupe, na kata kile kipande cha mfuko chenye jina la kampuni na namba ya bechi ukihifadhi pamoja na risiti mpaka uvune.